Maktaba ya kwanza ya mwanachuo ni grupu la darasa

Ukitaka kujua kipindi cha saa mbili asubuhi kimehamishiwa ukumbi gani, ubao wa matangazo wa idara hautakusaidia. Ubao upo, una kioo na kufuli, na nyuma ya kioo kuna ratiba ya semesta iliyopita. Tangazo lenyewe liko kwenye grupu la darasa. CR, yaani mwakilishi wa darasa, ameliandika saa tano usiku, baada ya mhadhiri kumpigia simu: "Wakuu, kesho hatuingii ukumbi mdogo, tunaingia ule mkubwa. Testi iko palepale Ijumaa, mada ya kwanza hadi ya nne." Kufikia saa sita nusu ya darasa wameshasoma, na waliobaki watasoma kabla hawajatoka kitandani.

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Watu wa kazi yangu tunatazamiwa tuiseme vibaya simu, tuseme vijana hawasomi siku hizi, basi yaishe. Sina lalamiko hilo. Nimekaa na wanachuo muda wa kutosha kuona kwamba wanatafuta taarifa kwa bidii kuliko tulivyotafuta sisi, ila wanazitafutia mahali ambapo sisi hatupo. Linaloninyima usingizi ni jingine. Taarifa ikishapita kwenye magrupu matatu manne inamwacha nyuma aliyeisema, siku aliyoisema na hati iliyoibeba. Inamfikia mwanafunzi ikiwa tupu, naye anaijengea insha, bajeti, hata uamuzi wa kozi ya kusoma.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu wakubwa wengi wa vyuo wanayazungumzia mitandao bila kujua mpangilio wake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana grupu la kozi nzima, la kila somo, la asainimenti lenye watu sita au saba, la bweni, la waliomaliza naye kidato cha sita, la umoja wa wanafunzi Wakristo (USCF) au la jumuiya ya Waislamu chuoni, la watu wa mkoa wake, na la kuuziana magodoro na majiko ya gesi. Kila moja lina aina yake ya taarifa, na mwenyewe anajua nini kinaulizwa wapi. Chumba cha kupanga Changanyikeni au Msewe hakiulizwi kwenye grupu la somo. Swali la fomula haliulizwi kwenye grupu la mkoa, isipokuwa mkoa huo una kaka wa mwaka wa nne anayeheshimika kwa hesabu. Huu ni utaratibu kamili wa kuainisha maarifa, na hakuna aliyewafundisha.

WhatsApp na Telegram nazo hazifanyi kazi moja. Grupu la WhatsApp linachukua watu 1,024, idadi iliyoanza mwaka 2022, na kwa mazoea ya wanachuo kazi yake ni habari za leo: ukumbi, testi, nani kaokota kitambulisho. Telegram ndiyo ghala. Grupu lake linaweza kuwa na watu hadi 200,000, faili moja linaweza kufika GB 2, na mtu akijiunga leo kwa kawaida anayaona yote yaliyowekwa tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana madesa, yaani notisi za kurithishana, yamehamia huko. Wa mwaka wa kwanza anayeripoti chuoni anapewa linki na dada wa mwaka wa tatu, akibonyeza anakuta slaidi za wahadhiri, pasti pepa (mitihani iliyopita) za miaka kadhaa, na vitabu vizima vya PDF. Vitabu vingi kati ya hivyo vimewekwa bila ruhusa ya wenye haki, hilo nalijua na kikazi siwezi kulisifu. Lakini naijua pia bei ya kitabu kimoja cha fiziolojia kipya. Fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Mwanafunzi wa udaktari akiamua kununua kitabu hicho dukani, atashinda njaa wiki kadhaa.

Katikati ya mpangilio huu wote amekaa CR. Huchaguliwa wiki za mwanzo, mara nyingi kwa sababu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono au ana sauti ya kusikika. Kuanzia hapo ndiye anayepokea slaidi kutoka kwa mhadhiri, anayezipandisha kwenye grupu, anayejibu swali lilelile mara ishirini, anayeamua ujumbe upi ubandikwe juu na upi ufutwe. Mhadhiri asipopokea simu, lawama ni za CR. Slaidi zikikosewa, CR. Kwa maana ya kazi yangu mimi, huyu ndiye mkutubi wa watu mia tatu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hata namna ya kulipatia faili jina. Ndiyo maana madesa yanaitwa "final", "final2", "soma hii", na baada ya semesta mbili hakuna anayejua ni ya somo gani, aliyefundisha ni nani, wala kama mtaala umebadilika tangu yaandikwe.

Kwa nini wasije maktaba? Swali hili naulizwa sana kwenye vikao, na mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari, kwamba ni uvivu. Majengo tunayo. Maktaba mpya ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ina uwezo wa kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa semesta, utatafuta kiti utembee ghorofa zote. Vijana wanakuja, wanakuja na simu, wanakaa, wanasoma walichokipata kwenye grupu.

Sababu ya kwanza ni bando. Mwanachuo ananunua kifurushi kidogo, na mara nyingi kile kinachompa mitandao ya kijamii kwa bei nafuu kuliko intaneti ya kawaida. Ukimtumia linki ya ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, linki hiyo inamtoa nje ya kifurushi chake, inamla MB, na ripoti yenyewe ni PDF yenye kurasa mia na zaidi. Ukimtumia skrinishoti ya jedwali, anaisoma palepale. Kwa hiyo skrinishoti inashinda linki siku zote, na skrinishoti ndiyo inayokatwa kichwa cha ukurasa, tanbihi na tarehe ili jedwali lionekane vizuri. Nimeshangaa mara nyingi jinsi jambo hili lisivyotajwa tunapozungumzia ubora wa marejeo ya wanafunzi. Tunadhani tunajadili tabia, kumbe sehemu kubwa ni bei.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa naomba nikae kidogo.

Mhadhara ni wa Kiingereza. Kitabu ni cha Kiingereza, na mtihani vilevile. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari kwa kukariri, anakaa ukumbini akiandika maneno anayoyatambua moja moja bila kuyaunganisha. Jioni, kwenye vimbweta (viti na meza za saruji za nje) au kwenye grupu la asainimenti, mwenzake anarekodi sauti ya dakika nne: "Sikilizeni jamani, hii elasticity ya mahitaji ni hivi. Chukua sukari. Bei ikipanda mia tano, mama yako ataacha kununua? Haachi. Sasa chukua soda…" Dakika nne hizo zinafanya kazi ambayo saa mbili za ukumbini hazikuifanya. Ninazo sauti za namna hiyo ambazo wanafunzi wamenisikilizisha, na nyingine ni ufundishaji wa daraja la juu kabisa. Hazina jina, hazitunzwi, na simu ikijaa zinafutwa.

YouTube ina hadithi hiyohiyo kwa sura nyingine. Wa uhandisi na sayansi wanamfuata The Organic Chemistry Tutor na Khan Academy, wa udaktari wanawatazama Ninja Nerd, kwa sababu video inasimama ukiiambia isimame na inarudia bila kukukasirikia. TikTok kwa Kiswahili nayo ina mawakili wanaoeleza sheria ya ndoa na wahasibu wanaoeleza kodi ya zuio. Tusijione sisi peke yetu tuko hivi. Julai 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Google, alisema hadharani kwamba katika tafiti zao karibu asilimia 40 ya vijana wakitafuta mahali pa kula mchana huenda TikTok au Instagram, hawaendi kwenye ramani wala injini ya kutafutia ya kampuni yake. Kijana wa Ubungo anayetafuta maana ya amana kwenye TikTok yumo kwenye mkondo huohuo.

Sasa njoo kaunta kwangu, saa nne asubuhi, wiki ya kukusanya asainimenti.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Natafuta kitabu, ila jina silijui. Ninao ukurasa wake."

Ananipa simu. Ni picha ya ukurasa mmoja, imepigwa pembeni, kidole cha mpigaji kinaonekana. Kuna kichwa cha sura nusu, aya tatu, na mchoro. Mhadhiri amemrudishia kazi akimtaka aweke chanzo. Picha aliipata kwenye grupu, aliyeituma aliipata grupu jingine, na huko hakumbuki. Hapo ndipo kazi inapoanza. Natazama aina ya herufi, natazama namna tanbihi zilivyopangwa, nachukua sentensi moja yenye maneno adimu naiweka ndani ya alama za nukuu kwenye Google Scholar au Google Books. Mara nyingi kinapatikana. Mara nyingi pia tunagundua kwamba ukurasa unaofuata, ule ambao haukupigwa picha, unasema mwandishi hakubaliani na hoja aliyoieleza hapo juu. Alikuwa anaieleza ili aipinge. Kijana ameandika insha nzima akimtetea mwandishi kwa msimamo ambao si wake.

Mwanafunzi huyo si mvivu. Alitafuta, alipata, alisoma, aliandika. Njiani kulipotea kipande kimoja tu, na kipande hicho ndicho kilichobeba maana.

Takwimu zinaumia zaidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania. Sensa ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mwaka wake. Lakini zile kadi za picha zinazozunguka Instagram na WhatsApp, zenye bendera pembeni na namba kubwa katikati, mara nyingi hazina mwaka. Mwanafunzi wa mipango miji akichukua ile ya zamani akagawanya kwa idadi ya zahanati za leo, anapata jibu linalopendeza na lisilo kweli. Takwimu isiyo na mwaka ni kama kidonge kilichotolewa kwenye pakiti: huenda ni dawa nzuri, lakini huwezi kumpa mtu.

Kinachoniuma kwenye mifano hii ni kwamba asili huwa ipo, iko wazi, na ni ya bure. Matokeo ya sensa yako kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wanafunzi wa sheria wanatumiana mihtasari ya kesi kwenye Telegram, mingine imeandikwa na mtu aliyesoma muhtasari wa mwingine, wakati TanzLII, hazina ya hukumu inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, inaweka hukumu zenyewe bila malipo, kila moja na namba yake. Unaweza kumwambia mhadhiri aya ya ngapi. Majarida ya afya yamefunguliwa kwa vyuo vya nchi kama yetu tangu 2002 kupitia HINARI, ambayo sasa ni sehemu ya Research4Life. Neno la siri la kuingilia tunalo maktaba. Wanaolijua ni wachache, nasi tumelibandika kwenye karatasi ukutani, mahali ambapo mwanafunzi aliye bwenini saa tano usiku hawezi kuliona. Tungekuwa na akili ya CR, tungelipeleka alipo, kwa njia ya salama.

Mtu asinielewe kwamba hati na mitandao ni maadui. Mwaka 2024 majirani zetu Kenya walionyesha namna vinavyokwenda pamoja. Muswada wa Fedha ulipotoka, vijana, wengi wao wanachuo, waliisambaza PDF yenyewe ya muswada. Kisha wakatengeneza video za TikTok na nyuzi za X zinazoeleza kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha za nyumbani: hapa ndipo wanapotaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, hapa ndipo kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Ukibisha, unaelekezwa kwenye kifungu ukasome mwenyewe. Yaliyofuata yanajulikana, pamoja na vifo vya vijana katika maandamano ya Juni 25, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatausaini. Siasa za jambo lile nawaachia wenyewe. Ninachokitazama mimi ni kwamba maelezo yalisafiri yameshikana na hati, na mwanafunzi wa kawaida aliweza kumsahihisha mbunge kwenye mjadala kwa kutaja kifungu.

Linganisha na taarifa ya boom, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi. Hakuna kitu kinachotembea haraka zaidi chuoni. "Boom limeingia", "boom ni Jumatatu", "nendeni mkasaini, mwisho leo saa kumi". Ujumbe unakuja bila jina la ofisi, bila tarehe, na huenda ni wa mwaka jana. Bodi ya Mikopo ina kurasa zake rasmi na hutangaza. Lakini tangazo rasmi likikatwa mistari miwili ya juu na kubandikwa upya, linakuwa tetesi yenye maneno ya kiofisi. WhatsApp ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa mwaka 2018, Januari 2019 ikazuia usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo, na Aprili 2020 ule uliosambazwa sana ukaruhusiwa kwenda mazungumzo moja tu kwa wakati. Hatua nzuri, ila mwanachuo anakopi maandishi na kuyabandika kama yake, na alama yote inaondoka.

Matapeli wanaijua njia hii vizuri. Kipindi cha udahili, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kwa namba ya siri anayotumiwa, na hapo ndipo anajitokeza mtu kwenye grupu la waombaji akidai anaweza "kusaidia kuthibitisha" kwa ada kidogo. Wanaomaliza wanakutana na nafasi za kazi zenye nembo ya Serikali zinazodai hela ya fomu, wakati maombi kupitia Ajira Portal hayalipiwi hata senti. Watoto wa watu wanatuma fedha ambayo mzazi ameuza mahindi kuipata. Nimewaona, na sitaki kuwaona tena.

Habari isiyo na mwenyewe haikuzaliwa na simu. Wazee wa Mlimani wanaikumbuka Punch, makaratasi yaliyobandikwa ukutani usiku na watu wasiojulikana, yakiwachora na kuwasema wanafunzi, wanawake hasa. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kunyanyaswa na kundi hilo. Ukuta ule uliweza kumuumiza mtu kwa sababu hakuna aliyeweka jina chini ya alichoandika. Leo ukuta huo uko mfukoni, na picha ya binti inaweza kuzunguka magrupu kumi kabla ya chakula cha mchana. Ninaposisitiza chanzo, sizungumzii marejeo ya insha peke yake.

Kuna jambo moja ninalolifundisha ambalo linabeba mengi. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa tovuti za kuchunguza watu wa aina tatu: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakatazama nembo, wakatazama anwani, na wengi wakadanganyika. Wahakiki walifanya tofauti kabisa. Waliuacha ukurasa mara tu walipoufungua, wakafungua mingine pembeni, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye ukurasa huo, ndipo wakarudi kusoma. Wakamaliza haraka zaidi, na sahihi zaidi.

Maprofesa wa historia walishindwa na watu wa magazeti! Nikiwaeleza wanafunzi hili huwa wanakaa vizuri kwenye viti, kwa sababu linaondoa aibu. Tatizo halikuwa akili wala elimu, lilikuwa mwenendo. Na mwenendo huo unawezekana kwenye simu ndogo: kabla hujasoma ujumbe mara ya pili, toka. Nenda kwenye ukurasa wa taasisi iliyotajwa. Weka sentensi yake moja kwenye injini ya kutafutia uone imeanza lini. Kwa madai yanayozunguka nchini, tazama kama JamiiCheck ya JamiiForums imeshayachunguza. Ukikosa, uliza grupu swali moja, "umeipata wapi?", na uliulize kwa upole, maana kwenye grupu swali hilo huchukuliwa kama matusi. Siku hizi nimelazimika kuongeza na akili mnemba, kwa kuwa wanakuja kaunta na orodha ya vitabu kumi ilhali vitatu havijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Dawa ni ileile. Toka, katafute kitabu chenyewe.

Sipendekezi wahadhiri waingie kwenye magrupu yote. Wanafunzi wanahitaji mahali pa kusema "sijaelewa kitu" bila anayewapa alama kusikia, na mhadhiri akiingia tu, grupu hufa na jingine huzaliwa jioni hiyohiyo bila yeye. Wala vyuo visidhani vinaweza kuegemea mitandao peke yake. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona hadi Juni mosi, magrupu ndiyo yaliyowaweka wanafunzi pamoja. Ila X ilizuiwa nchini Mei 2025, na Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ikazimwa kwa siku kadhaa. Mwanafunzi ambaye kila alichonacho kiko Telegram alibaki na kilichokuwa tayari kwenye simu yake. Kwa hiyo ubao wa matangazo ufunguliwe ile kufuli na ubandikwe ratiba ya semesta hii, na nakala za vitabu vya lazima ziendelee kuwepo rafuni.

Ninachokipendekeza ni kidogo na hakina gharama kubwa. CR watambuliwe na chuo kama watu wa taarifa, wapewe mafunzo, na wapewe mtu wa maktaba wa kumpigia. Mimi niko tayari kuwa mtu huyo, na wenzangu kadhaa wamekubali. Wahadhiri nao wakituma slaidi waandike kwenye slaidi ya kwanza jina lao, somo, mwaka na kitabu walichokitumia, kisha wamwombe CR asiikate. Kampuni za simu zikae na vyuo ili tovuti za takwimu, hukumu na majarida zihesabiwe ndani ya vifurushi vya wanachuo, kama mitandao ya kijamii inavyohesabiwa. Hili la mwisho ni zito kuliko yote, na ningependa kuliona likisimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu badala ya kuachiwa chuo kimoja kimoja.

Wakuu wa idara wa chuo chetu wakisoma hapa, nina ombi. Mwaka wa masomo ukifunguliwa, nileteeni orodha ya CR wenu wa mwaka wa kwanza katika wiki ya kwanza, pamoja na chumba chenye projekta kwa saa mbili. Saa ya kwanza tutatafuta hukumu moja, makala moja ya jarida na jedwali moja la sensa kwa simu zao wenyewe. Ya pili, kila mmoja ataandika ujumbe wa kupeleka darasani kwake jioni hiyo, wenye jina la mwandishi, mwaka, ukurasa na linki, na tutausoma pamoja kabla hajabonyeza kutuma.